Bastola Isiyompata Bata: Kuchagua Televisheni kwa Mashine Kongwe ya Michezo

Wakati wa likizo ya mwaka jana mpwa wangu, mwanafunzi wa kidato cha tatu, aliikuta stoo mashine ya michezo ya video niliyokuwa nikiichezea nilipokuwa na umri kama wake. Ilikuwa mojawapo ya zile mashine zilizoigiza Famicom ya Japani, ambazo zilienea katika masoko ya Afrika Mashariki. Aliipangusa vumbi, akaiunganisha na televisheni bapa ya sebuleni, akaiwasha. Picha ilitokea, ingawa ilikuwa na ukungu na imetanuliwa kwa upana. Kisha akachukua bastola ya plastiki, akamlenga bata, akafyatua. Bata aliendelea kuruka. Akafyatua tena na tena, akiisogeza bastola mpaka mdomo wake ukakaribia kugusa kioo. Hakuna bata aliyeanguka.

"Mjomba," akasema, "mashine yako imekufa. Tumpe yule wa vyuma chakavu, pamoja na ile televisheni ya chogo."

Televisheni ya chogo, kama watu wa mitaani wanavyoziita zile televisheni za zamani zenye kisogo kirefu, ilikuwa imekwisha kuwekwa kando ya mlango ikimngoja mnunuzi. Nilimwomba kijana avute subira. Tuliinyanyua tukaiweka mezani, tukahamisha waya, tukawasha. Bata wa kwanza alianguka kwa risasi ya kwanza.

Mashine ni ileile, bastola ni ileile, na mlengaji ni yuleyule. Kilichobadilika ni televisheni tu. Tena iliyoshindwa ni ile mpya na ya ghali, na iliyofaulu ni ile iliyokuwa ikingoja kuuzwa kwa kilo. Makala haya yanakusudia kueleza kwa nini ilikuwa hivyo, na kutokana na maelezo hayo tuone jinsi mtu anavyopaswa kuchagua televisheni kwa ajili ya mashine kongwe ya michezo.

Mwali unaochora

Neli iliyomo ndani ya televisheni ya chogo imetokana na chombo alichokibuni mwanafizikia wa Kijerumani, Ferdinand Braun, mwaka 1897. Ni neli ya kioo iliyoondolewa hewa. Nyuma kabisa mna kathodi ambayo hupashwa moto mpaka ikatoa elektroni. Elektroni hizo huvutwa kuelekea mbele kwa nguvu kubwa ya umeme, ambayo katika televisheni za rangi aghalabu huwa kati ya volti 20,000 na 30,000. Kwa volti 25,000 elektroni hufikia mwendo wa karibu kilometa 90,000 kwa sekunde, yaani asilimia 30 hivi ya mwendo wa nuru. Zinapogonga unga wa fosfori uliopakwa nyuma ya kioo cha mbele, unga huo hung'aa.

Mwali huo wa elektroni ungekwenda moja kwa moja ungetoa nukta moja tu katikati ya kioo. Kwa hiyo shingoni mwa neli kumefungwa koili za waya wa shaba. Umeme unapopita katika koili hizo huzaa uga wa sumaku, na uga huo huupinda mwali. Hivyo mwali huchora mstari kutoka kushoto kwenda kulia, ukarudi, ukachora mstari wa chini yake, mpaka ukafika mwisho wa kioo, kama msomaji anavyopitisha macho katika ukurasa wa kitabu. Katika mfumo wa PAL, ambao ndio uliotumika katika televisheni za Tanzania na Kenya enzi ya analojia, picha moja ina mistari 625 na huchorwa picha 25 kwa sekunde. Mwanafunzi akizidisha ataona kwamba mwali huchora mistari 15,625 kila sekunde. Katika mfumo wa NTSC, uliotumika Japani na Marekani, picha ina mistari 525, na idadi ya mistari kwa sekunde ni karibu 15,734.

Picha moja haichorwi kwa mkupuo mmoja. Kwanza huchorwa mistari ya witiri, kisha ile ya shufwa huja kujaza nafasi zilizoachwa. Kwa hiyo PAL ina mikupuo 50 kwa sekunde, na NTSC ina mikupuo karibu 60.

Hapa kuna jambo la kuzingatia sana. Hakuna hata wakati mmoja ambapo picha nzima huwa imewaka kiooni kwa mwangaza uleule. Nukta huwaka pale mwali unapoigonga, kisha hufifia upesi. Jicho la binadamu na ubongo wake ndivyo vinavyoziunganisha nukta hizo zikawa picha moja.

Mashine iliyofuata mwendo wa mwali

Famicom ilianza kuuzwa Japani tarehe 15 Julai 1983, na kwa jina la Nintendo Entertainment System ikaanza kuuzwa mjini New York mwezi Oktoba 1985. Picha yake ilikuwa na nukta 256 kwa upana na mistari 240 kwa urefu. Siku hizo kumbukumbu za kielektroniki zilikuwa ghali, na mashine haikuwa na mahali pa kuihifadhi picha nzima kabla ya kuionyesha. Wahandisi wake walitumia njia ya mkato yenye akili: mashine ilikokotoa rangi ya kila nukta papo hapo, pale mwali ulipokuwa ukiifikia. Mashine na mwali vilikwenda hatua kwa hatua, kama mpiga ngoma na mchezaji wake.

Tena mashine hiyo haikutuma mistari ya witiri na ya shufwa kwa zamu. Kila mkupuo ulipita juu ya mistari ileile 240, na nafasi za kati zikabaki nyeusi. Ndiyo maana mtu akiisogelea televisheni ya chogo inayoonyesha mchezo wa namna hii ataona mistari mwembamba ya giza kati ya mistari ya mwanga. Wachoraji wa michezo waliifanya kazi yao wakitazama picha hiyo.

Siri ya bastola

Wengi hudhani kwamba bastola ya michezo hutoa mwali unaokwenda kugonga kioo. Ukweli ni kinyume chake: bastola haitoi kitu, bali hupokea. Ndani ya mdomo wake mna lenzi na kifaa kidogo kinachohisi mwanga.

Katika mchezo wa Duck Hunt, ambao ulitoka Japani mwaka 1984, mchezaji akifyatua, mashine hukifanya kioo kizima kuwa cheusi kwa mkupuo mmoja. Katika mkupuo unaofuata huchora mraba mweupe mahali alipo bata, huku sehemu nyingine zikibaki nyeusi. Bastola ikiona giza kisha mwanga, basi ilikuwa imemlenga bata. Ikiona giza na kufuatwa na giza, risasi imepotea. Ikiwa bata ni wawili, kila mmoja hupewa mraba wake katika mkupuo wake, na mashine humtambua aliyepigwa kwa wakati ambao mwanga ulionekana. Lile giza la kwanza lina kazi yake pia. Huzuia ujanja wa mtu kuielekeza bastola kwenye taa na kudai kwamba amepata bata wote.

Bastola ya Nintendo ilikuwa na kinga nyingine dhidi ya mwanga wa taa. Saketi yake ilitengenezwa ili ijibu mwanga unaopigapiga kwa kasi ya karibu mara 15,000 kwa sekunde. Msomaji atakumbuka kwamba hiyo ndiyo kasi ya mwali kuchora mistari. Kwa maneno mengine, bastola ilitengenezwa imtambue mwali wa elektroni peke yake.

Sasa tuitazame televisheni bapa. Hii haina mwali. Nukta zake zote huwaka kwa pamoja na kubaki zimewaka mpaka picha nyingine ije, hivyo yale mapigo 15,000 hayapo. Zaidi ya hayo, huipokea picha, huihifadhi, huirekebisha, ndipo huionyesha. Mashine inaulizia mwanga katika mkupuo mmoja usiozidi milisekunde 20, lakini mraba mweupe unatokea baada ya wakati huo kupita. Bastola haikuharibika. Iliulizwa swali kabla jibu halijafika, na jibu lenyewe lilikuja kwa lugha isiyoijua.

Kungoja kusikoonekana

Kuchelewa huku hakuhusu bastola tu. Katika televisheni bapa nyingine picha huchelewa milisekunde 50, na nyingine hupita 100. Milisekunde 100 ni sehemu ya kumi ya sekunde, na mtazamaji wa taarifa ya habari hatatambua chochote. Lakini tumfikirie mhusika wa mchezo anayekwenda nukta 128 kwa sekunde. Katika milisekunde 100 atakuwa amekwenda karibu nukta 13. Ikiwa ukingo wa shimo uko nukta 10 mbele yake, mchezaji anayeruka kwa kufuata anachokiona ameshachelewa. Atajilaumu vidole vyake bure.

Mimi na mpwa wangu tuliupima ucheleweshaji huo, na jaribio lenyewe linafaa darasani. Simu nyingi za siku hizi zina uwezo wa kupiga filamu ya picha 240 kwa sekunde. Tuliiweka simu ili ione kidole kwenye kitufe na kioo kwa pamoja, kisha tukahesabu picha kutoka kitufe kilipobonyezwa mpaka mhusika alipoanza kuruka. Kwa televisheni ya chogo tulihesabu 6. Hizo ni za mashine yenyewe, nasi tulizitumia kama kigezo. Kwa televisheni bapa tulihesabu 28. Tofauti ni 22, na 22 gawanya kwa 240 ni karibu milisekunde 92. Tulipoibadilisha televisheni hiyo kwenye hali ya michezo, ambayo huacha marekebisho mengi ya picha, idadi ilishuka hadi 12, yaani ucheleweshaji wa milisekunde 25. Mhusika sasa aliruka mashimo vizuri. Bata, hata hivyo, hakuanguka, kwa sababu yale mapigo ya mwali bado hayakuwapo.

Umbo, mistari na waya

Mambo mengine matatu hayana budi kutazamwa.

La kwanza ni umbo. Televisheni za chogo nyingi zina uwiano wa 4 kwa 3, na televisheni bapa nyingi ni 16 kwa 9. Picha ikitanuliwa ijaze kioo kipana, upana wake huongezeka kwa thuluthi moja na duara huwa yai. Dawa yake ni rahisi: chagua uwiano wa 4:3 katika mipangilio ya televisheni, na ukubali pande mbili nyeusi.

La pili ni mgawanyo wa mistari. Televisheni yenye mistari 720 inaweza kuukuza kila mstari wa mchezo mara 3 kamili, kwa kuwa 240 mara 3 ni 720. Yenye mistari 2,160 huukuza mara 9 kamili. Lakini 1,080 gawanya kwa 240 ni 4.5, na hakuna nusu mstari. Hivyo ama baadhi ya mistari itachorwa mara 4 na mingine mara 5, ama picha itatiwa ukungu kidogo ili tofauti ifichike. Tena televisheni bapa nyingi huichukulia ile mistari 240 kana kwamba ni nusu ya picha ya kawaida yenye witiri na shufwa, zikajaribu kuunganisha nusu ambazo hazipo. Matokeo yake ni picha inayotetemeka, na vitu vilivyokusudiwa kumemeteka, kama vile kivuli cha mhusika, hupotea kabisa.

La tatu ni waya. Waya wa antena ndio duni kuliko zote, kwa sababu picha na sauti hupandishwa juu ya wimbi la redio kisha huteremshwa tena. Waya wa AV wenye plagi ya njano ni bora kuliko huo, ila mwangaza na rangi zote hupita katika uzi mmoja na huchanganyika. Waya wa S-Video huvitenganisha viwili hivyo. Bora zaidi ni waya unaobeba nyekundu, kijani na buluu kila moja peke yake, kama ule wa plagi ya SCART iliyoenea Ulaya.

Hata hivyo, waya bora zaidi hautoi kila mara picha iliyokusudiwa. Mashine ya Sega Mega Drive ya mwaka 1988 haikuwa na njia nyepesi ya kuonyesha kitu kinachopenya mwanga. Katika mchezo wa Sonic the Hedgehog wa mwaka 1991, maporomoko ya maji yalichorwa kwa milia myembamba ya wima, mmoja wa maji na mmoja mtupu. Waya wa plagi ya njano uliichanganya milia hiyo, na mtazamaji akaona maji yanayopenya mwanga. Kwa waya wa rangi tatu milia huonekana dhahiri, na maji yanafanana na pazia la mianzi. Kasoro ya waya ilikuwa sehemu ya mchoro.

Hamsini au sitini

Mnunuzi wa mashine kongwe kutoka ng'ambo aulize kwanza ni ya mfumo gani. Mashine ya Japani au Marekani ikiunganishwa na televisheni inayojua PAL pekee, picha inaweza kukosa rangi, au kubingirika kwenda juu au chini bila kutulia. Kwa upande mwingine, michezo mingi ya NTSC ilipohamishiwa PAL bila marekebisho ilikwenda kwa mikupuo 50 badala ya 60, yaani sita ya mwendo wake ilipotea. Safari iliyotaka sekunde 60 ikachukua 72, na muziki nao ukazubaa. Televisheni nyingi za chogo za miaka ya mwisho hupokea mifumo yote miwili. Kitabu cha maelezo au ukurasa wa mipangilio utasema.

Basi tuchague ipi?

Anayetaka michezo ya bastola, au anayetaka kuona kilichoonekana zamani, hana budi kutafuta televisheni ya chogo. Ya inchi 14 au 21 yenye tundu la AV inatosha. Aiwashe kabla ya kununua na kutazama: je, mwangaza haujafifia? Je, mistari iliyonyooka inabaki imenyooka pembeni? Je, kuna madoa ya rangi yasiyoondoka? Aende pia na kijana mwenye masikio mazuri. Televisheni ya chogo hupiga mluzi mwembamba wa mitetemo 15,625 kwa sekunde. Mpwa wangu aliusikia mara tuliyoiwasha. Mimi niliyepita miaka arobaini sikusikia kitu, maana uwezo wa kusikia sauti nyembamba sana hupungua kadiri umri unavyoendelea.

Lakini si kila chogo linafaa. Baadhi ya televisheni za chogo za miaka ya mwisho zilihifadhi picha na kuichora kwa mikupuo 100 kwa sekunde ili kupunguza kumemeteka. Hizo nazo huchelewesha, na bastola hushindwa. Penye alama ya hertzi 100 pana haja ya kujaribu kwanza.

Mwenye televisheni bapa pekee asikate tamaa. Aweke hali ya michezo, achague 4:3, azime viungo vyote vya kulainisha mwendo, kisha apime kwa simu kama tulivyofanya. Michezo isiyotumia bastola itachezeka. Akiwa na fedha zaidi, viko vigeuzi vya picha vilivyotengenezwa kwa kazi hii, ambavyo huikuza mistari 240 moja baada ya moja bila kungoja picha nzima, na kuipeleka kwenye televisheni bapa kwa umbo lake.

Tahadhari

Walimu watavutiwa kuitumia televisheni ya chogo kufundishia elektroni na uga wa sumaku, nami nawaunga mkono, ila kwa masharti. Kifuniko cha nyuma kisifunguliwe na mtu asiye fundi, kwa kuwa neli huweza kushika volti nyingi hata baada ya kuchomolewa ukutani. Sumaku yenye nguvu isisogezwe karibu na kioo cha rangi, kwani inaweza kuacha doa lisilofutika upesi. Na neli isivunjwe kamwe. Haina hewa ndani, hivyo vioo vyake huruka kwa nguvu. Tena kioo cha chogo kimetiwa risasi, ile metali, ili kuzuia eksirei, na vumbi lake ni sumu. Wapo wanaozipasua neli hizi ili kupata shaba ya koili, mara nyingi mahali wanapocheza watoto. Kilo chache za shaba hazilingani na madhara hayo.

Viwanda vikubwa vimekwisha kuacha kutengeneza neli za chogo. Kila inayopasuliwa haina mbadala, na pamoja nayo huondoka njia pekee ya kuiona michezo hii kama watengenezaji wake walivyoiona. Mwanafunzi wa sayansi ana fundisho jingine la kuchukua. Chombo hutazamwa kwa kupitia chombo kingine. Kabla ya kusema kwamba cha kwanza kimekufa, sharti tuhakikishe kwamba cha pili kinaweza kukisoma. Hata katika maabara zetu zimo mita na darubini zilizoandikiwa hukumu na mtu aliyebadilisha waya mmoja tu.

Mnunuzi wa vyuma chakavu alipopita Jumamosi, aliondoka na pasi mbovu na sufuria mbili zilizotoboka. Televisheni ya chogo ilibaki mezani, na mpwa wangu alikuwa amemfikia bata wa hatua ya saba.